Klorini kwa Mkono Kwanza, Mtambo Baadaye

Anayejenga nyumba yenye bwawa la kuogelea Raskazone, Sahare au Mwambani huwa ameshaamua mengi kabla ya kufikiria dawa. Umbo limechaguliwa, kina kimepimwa, rangi ya vigae imejadiliwa mpaka watu wakachoka. Zege likishakauka fundi humuuliza maji yatatibiwa kwa njia gani, na hapo orodha hufunguka: klorini ya unga, klorini ya maji, vidonge, mtambo wa chumvi, taa za UV, ozoni, vifaa vya shaba na fedha. Bei hupanda kadiri orodha inavyoshuka, na ahadi za wauzaji hupanda nayo. Hoja ya makala haya ni kwamba kwa familia inayojenga bwawa lake la kwanza katika pwani hii, kuanzia Mkinga mpaka Pangani, chaguo la busara ndilo lile la juu kabisa: klorini ya unga inayotiwa kwa mkono, pamoja na chujio zuri na kifaa cha kupimia maji kinachoaminika. Mtambo unaweza kuja baadaye, nyumba ikishaijua tabia ya bwawa lake. Sababu kubwa zinatokana na jua, maji, umeme na mafundi wa hapa hapa, zaidi ya bei.

Tuanze na kazi yenyewe. Bahari ya Raskazone hubadilishiwa maji kila siku na kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua hubadilishwa kwa kishindo. Bwawa la nyumbani halina bahati hiyo: jasho, mafuta ya ngozi, mkojo wa mtoto aliyechelewa kutoka, vyote hubaki humo humo. Kwa hiyo dawa ya bwawa inatakiwa kufanya mambo mawili kwa pamoja: iue vijidudu upesi, na iendelee kuwepo majini ikimsubiri muogaji anayefuata. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kinaeleza kwamba klorini ya miligramu 1 kwa lita, katika maji yaliyo sawa, huua bakteria aina ya E. coli kwa muda usiofika dakika moja, virusi vya homa ya ini aina ya A kwa dakika kama 16, na kimelea cha giardia kwa dakika kama 45. Taa ya UV na ozoni ni hodari pia, lakini huua kile tu kinachopita ndani ya chombo chao kwenye chumba cha pampu. Mtoto akimwambukiza mwenzake wakiwa wamesimama bega kwa bega kwenye ngazi, taa iliyoko chumbani haina habari. Shaba na fedha hubaki majini, ila huua polepole mno, na shaba ikizidi huchafua kuta kwa madoa na kuzigeuza nywele nyeupe kuwa za kijani. Hata mrututu, ambao baadhi ya watu huutia ili kuondoa utando wa kijani, huua mwani na hauchukui nafasi ya dawa ya vijidudu.

Ndiyo maana tangu mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alipoanza kutibu maji ya bwawa la chuo hicho kwa klorini mwaka 1910, hakuna dawa iliyoing'oa kwenye kiti chake. Na hapa ndipo mnunuzi wa Tanga anapohitaji kuelezwa jambo ambalo matangazo hulipitia juu juu: mtambo wa chumvi ni mtambo wa klorini. Chumvi ya kawaida huyeyushwa bwawani kwa kiasi cha gramu 3 hadi 4 kwa lita, wakati bahari ina karibu gramu 35. Maji hayo yakipita kati ya bamba za titani zilizounganishwa na umeme, chumvi huvunjika na klorini hutengenezwa papo hapo. Muogaji anaoga katika klorini ile ile ambayo jirani yake ameimimina kutoka kwenye ndoo. Tofauti iko katika namna inavyoingia: mtambo hutoa kidogo kidogo muda wote pampu inapozunguka, mkono hutoa mara moja kwa siku. Anayelipia mtambo analipia urahisi huo, na ni haki yake, mradi asiuziwe bwawa lisilo na klorini.

Pingamizi la kwanza hujibiwa hapo hapo. Husemwa kwamba maji ya mtambo wa chumvi hayaumizi macho wala hayanuki. Harufu ile kali inayowakera watu, na macho mekundu yanayofuatana nayo, hutokana hasa na klorini iliyokwisha kushikana na mkojo na jasho. Ni ishara kwamba dawa imezidiwa na uchafu. Bwawa linalonuka huhitaji klorini zaidi na waogaji wanaopita kwanza kwenye bomba la mvua. Bomba la kuogea pembeni mwa bwawa, lenye koki inayofunguka kwa wepesi na mahali pa kujisugua mchanga wa ufukweni, hufanya kazi kubwa kuliko vifaa vingi vya bei mbaya.

Jua la hapa lina neno lake. Tanga iko nyuzi kama 5 kusini mwa ikweta, na mwale wa jua huvunja klorini: katika bwawa la wazi lisilo na kinga, zaidi ya nusu inaweza kupotea ndani ya saa moja ya mchana. Kinga ni asidi ya sayanuriki, unga mweupe unaoishika klorini na kuiachia taratibu. Miligramu 30 hadi 40 kwa lita zinatosha. Zikizidi sana, klorini hushikwa mno ikawa ipo na haifanyi kazi. La pili ni pH, kipimo cha ukali wa maji. Yakiwa na pH ya 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali ile inayoua, ikifika 7.5 ni nusu. Ikipanda hadi 8 hubaki robo. Mtu anaweza kutia dawa mara mbili ya jirani yake na bado akalindwa kidogo kuliko jirani huyo, kwa sababu tu hakupima pH. Mtambo wa chumvi haumwondolei kazi hii, bali unamwongezea, maana wenyewe hupandisha pH kila unapofanya kazi, na asidi ya kuishusha itanunuliwa vilevile.

Tuchukue bwawa la kawaida la familia, lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita moja na nusu. Hilo lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Unga wa klorini unaouzwa madukani, ambao kitaalamu ni haipokloraiti ya kalisi, huwa na klorini ya asilimia 65 hivi. Ili kuongeza miligramu 1 kwa lita katika bwawa hilo, zinahitajika gramu 74 za unga. Likiwa na kinga yake ya jua, ambayo ni kilo moja na nusu tu kwa kuanzia, bwawa linaweza kupoteza miligramu 2 au 3 kwa siku ya joto na waogaji wachache. Kwa hiyo matumizi ni kati ya gramu 150 na 220 kwa siku, au kilo tano hadi saba kwa mwezi. Hesabu hiyo inaingia kwenye daftari la jikoni. Mtambo wa chumvi kwa bwawa hilo hilo unadai kilo 170 za chumvi safi siku ya kwanza, na chumvi nyingine kila mvua za masika zinapolijaza bwawa hadi kufurika na kuyapeleka maji yenye chumvi mtaroni.

Wengine husema: kwa nini nisitumie vidonge, ambavyo ni rahisi kuliko unga na havihitaji umeme? Kidonge huwekwa kwenye chombo kinachoelea, kikayeyuka chenyewe wiki nzima. Urahisi huo una deni lake. Vidonge vingi vimetengenezwa pamoja na asidi ya sayanuriki, na kila miligramu 10 za klorini zinazotoka humo huacha karibu miligramu 6 za asidi hiyo, ambayo jua halimalizi wala chujio halikamati. Bwawa letu likitumia miligramu 2 kwa siku, asidi itaongezeka kwa miligramu 36 kila mwezi; miezi mitatu ikipita imevuka 100. Maji yanaanza kubadilika kijani ilhali kipimo kinaonyesha klorini ipo, mwenye nyumba anaongeza vidonge, na tatizo linakua kwa dawa ile ile. Tiba yake ni kumwaga sehemu kubwa ya maji na kujaza upya. Vidonge vinafaa kwa wiki ambayo familia imesafiri, si kwa mwaka mzima.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Mjini Tanga, maji ya bomba hutoka mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Amani katika Usambara Mashariki na kuzuiwa kwenye bwawa la Mabayani, kisha husafishwa na Mamlaka ya Maji ya Tanga. Mwenye maji hayo ameanza vizuri. Mwenye kisima hana budi kupima kwanza, kwa sababu sehemu ya ardhi ya hapa ni mawe ya chokaa; mapango ya Amboni yamechongwa ndani ya mawe hayo, na kiwanda cha saruji cha Pongwe kinayachimba. Maji ya kisima yanaweza kuja na chokaa nyingi, na karibu na ufuko yanaweza kuja na chumvi. Mengine huwa na madini ya chuma: hutoka ardhini meupe kabisa, yakaguswa na klorini ya kwanza, yakageuka rangi ya chai ya rangi mbele ya macho ya mwenyewe. Na hapa chaguo letu lina udhaifu wake, kwani unga wa klorini nao huleta kalisi, miligramu kama 7 za ugumu kwa kila miligramu 10 za klorini. Katika maji ya mto hilo huchukua muda mrefu kuleta shida, na masika hulipunguza. Katika maji magumu ya kisima huleta ukungu majini na magamba meupe kwenye vigae. Mwenye maji hayo atumie klorini ya maji, akinunua kidogo kidogo, maana joto la pwani huipunguza nguvu wiki hadi wiki. Asidhani mtambo wa chumvi utamwokoa, kwa sababu chokaa hupenda kuganda kwenye bamba zake kuliko mahali pengine popote.

Umeme ndio unaoleta ubishi mkubwa zaidi. Watetezi wa mtambo husema, na kwa haki, kwamba hali imebadilika: mgawo uliosumbua nchi mwishoni mwa mwaka 2023 ulipungua makali baada ya mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024. Hata hivyo umeme kuzalishwa kwa wingi hakuzuii nguzo kuanguka kwa upepo wa kusi, transfoma ya mtaa kuungua, wala LUKU kuisha usiku wa Ijumaa wakati mwenye simu yuko Dar es Salaam. Umeme ukikatika siku mbili, pampu husimama katika mifumo yote, na hakuna bwawa linalofurahia hilo. Lakini penye ndoo ya unga, mtu huyeyusha dawa, huimwaga kuzunguka kingo, huyakoroga maji kwa brashi ndefu, na dawa imeingia. Penye mtambo pekee hakuna klorini inayotengenezwa, na jua halikatiki. Mwenye mtambo atalazimika kuwa na ndoo ile ile ya akiba, na ajue kuitumia. Kama ujuzi wa ndoo unahitajika kwa vyovyote, ni heri uwe wa kwanza kujifunza.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu binadamu. Mkono husahau. Kijana wa bustani anaenda likizo, mwenye nyumba anachelewa kazini, na siku tatu za Januari zinatosha kuligeuza bwawa kuwa la vyura. Mtambo hausahau. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo inayowauzia watu mitambo kuliko nyingine yoyote. Lakini tuangalie kinachotokea mtambo unapoingia kwenye nyumba isiyo na mazoea ya kupima. Taa ya kijani inawaka, kila mtu anaamini kazi inafanyika, pH inapanda kimyakimya, bamba zinashika magamba, na hakuna anayejua mpaka maji yabadilike. Kusahau dawa huonekana kwa siku mbili tatu; mtambo unaofanya kazi nusu huweza kujificha kwa miezi. Kinachoziba mwanya huo ni desturi: kila jioni baada ya magharibi, chota maji kwenye kina cha kiwiko, pima klorini na pH, andika kwenye daftari, tia kinachopungua. Ni dakika kumi. Nyumba iliyoshika desturi hiyo kwa mwaka mmoja inaweza kufunga mtambo wowote na ikaumudu. Isiyoishika haitaokolewa na chochote kinachouzwa.

Kuna wazo jingine linalozaliwa kiasili katika pwani yenye mashamba ya chumvi na bahari mlangoni: kwa nini mtambo usilishwe chumvi ya hapa hapa, au bwawa lisijazwe maji ya bahari moja kwa moja? Chumvi ya mashambani ambayo haijasafishwa huja na magnesi, kalisi na udongo, vitu ambavyo samaki anayekaushwa havimdhuru lakini bamba za mtambo huziziba. Maji ya bahari yanawezekana, ila ni kazi ya aina nyingine. Yana bromidi ya miligramu kama 65 kwa lita, na klorini ikiingia humo huibadilisha kuwa bromini, ambayo ndiyo inayofanya kazi ya kuua vijidudu. Inaua vizuri, lakini asidi ya sayanuriki haiikingi na jua, na chumvi mara kumi ya ile ya mtambo wa kawaida hula pampu, skrubu, ngazi na taa za ndani. Hoteli yenye fundi wa kudumu inaweza kujaribu. Nyumba ya familia iachie bahari ibaki bahari.

Wapo wanaofikiri suluhisho ni kufunga mifumo miwili ili mmoja ukishindwa mwingine usaidie. Kwa taa ya UV pamoja na klorini hilo ni sawa, hasa kwa sababu ya kimelea kiitwacho kriptosporidi, ambacho huweza kuishi zaidi ya wiki katika maji yenye klorini ya kawaida na ambacho mwanga wa UV hukishinda. Lakini si dawa zote zinazopatana. Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, bwawa la wapiga mbizi liligeuka kijani mbele ya kamera za dunia nzima. Waandaaji walieleza kwamba lita 80 za haidrojeni peroksidi zilitiwa kimakosa katika maji yaliyokuwa na klorini. Peroksidi ikaivunja klorini, na mwani ukapata nafasi. Wataalamu wa Olimpiki wakiweza kunaswa hivyo, mwenye nyumba na ashike dawa moja aliyoielewa. Kuchanganya kunaweza hata kuua: unga wa klorini ukikutana na asidi hutoa gesi ya sumu, na ukikutana na vidonge kwenye chombo kimoja unaweza kuwaka moto. Kila dawa na kikombe chake, kila dawa na rafu yake, mahali pakavu, penye hewa na pasipofikiwa na watoto. Wakati wa kuyeyusha, maji hutangulia kwenye ndoo na unga hufuata, kamwe si kinyume chake. Kemikali hizi ziko chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mnunuzi ana kila sababu ya kukataa unga uliofungwa upya kwenye mfuko usio na lebo.

Je, mtambo haufai kabisa? Unafaa kwa nyumba yenye umeme wa jua au jenereta inayowaka yenyewe, yenye maji yasiyo na chokaa nyingi, ambayo wenyewe husafiri mara kwa mara, na ambayo fundi wa kubadilisha bamba anajulikana kwa jina na namba. Bamba huchakaa baada ya miaka michache hata zikitunzwa, na ni sehemu ghali kuliko zote. Nyumba ya mawe ya matumbawe, au bwawa lenye kingo za mawe laini na ngazi za chuma cha kawaida, lifikiriwe mara mbili, kwa sababu matone ya maji ya chumvi hukauka juu yake na kuyamega. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na chumba cha pampu ni mahali ambapo kidonda huonekana mwaka wa pili.

Kwa hiyo fedha zilizotengwa kwa mtambo zipewe kazi nyingine kwanza. Zinunue chujio la mchanga lenye ukubwa wa kutosha, na pampu inayoweza kuyazungusha maji yote ndani ya saa nane, yaani mita za ujazo 6 kwa saa kwa bwawa letu la mfano. Zinunue kifaa cha kupimia chenye matone ya kemikali badala ya karatasi peke yake, kinachopima klorini huru (ile ambayo bado haijashikana na uchafu), pH, asidi ya sayanuriki na ugumu wa maji. Na kabla ya malipo ya mwisho, fundi atakiwe kufanya mambo matatu: aache kipande cha bomba kilichonyooka baada ya chujio, chenye koki pande zote mbili, ili mtambo uweze kupachikwa siku yoyote bila kubomoa, aandike ujazo halisi wa bwawa kwa lita kwenye ukuta wa chumba cha pampu, maana kila kipimo cha dawa huanzia hapo, na ampimie maji mwenye nyumba mara moja, kisha amwachie mwenyewe arudie mbele yake mpaka majibu yalingane.